Mwaka Mwalimu Nkonge Alipojitazama

Tulimzika Mwalimu Nkonge huko Kibirichia, nyuma ya nyumba yake ya mawe, mahali ambapo shamba la viazi linaanza kuteremka kuelekea mtoni. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito hata waliokaa hema la mwisho hawakuona jeneza; walisikia tu sauti kwenye spika. Wasemaji walikuwa wengi. Mzee wa kanisa alisema marehemu hakukosa ibada hata mvua inyeshe vipi. Mwanafunzi wake wa zamani, mwanamume mwenye kitambi na koti zuri, alisema kwamba yeye alichapwa na Nkonge na leo ni mhandisi, na watu wakacheka. Nilikuwa nimetoka Embu alfajiri, nimekaa kwenye kiti cha plastiki na sahani ya wali na viazi magotini, nikingoja mtu mmoja aguse mwaka ninaoujua mimi. Hakuna aliyeugusa. Karimi, ambaye wakati ule alikuwa akifundisha watoto wa nasari na leo ana mvi kunishinda, aliniinamia akaniuliza polepole, "Hata mmoja hatasema juu ya ile simu?" Nikatikisa kichwa. Kati ya walimu wa mwaka ule tulikuwa tumebaki sisi wawili tu, na hakuna aliyetupa kipaza sauti. Basi nimeamua kuiandika, kwa sababu katika maisha yangu yote ya ualimu sijaona tena jambo lililonishangaza kama lile.

Mwaka ule nilikuwa msichana wa ishirini na kitu, mgeni mwenye Kiembu mdomoni, nimeajiriwa na kamati ya wazazi kufundisha darasa la tatu. Nilipanga chumba pamoja na Karimi nyuma ya duka la mbolea. Kilikuwa chumba cha mbao na mabati, na baridi ilipenya katikati ya mbao kana kwamba imealikwa. Tulipika juu ya jiko moja la makaa, tukila viazi kwa kabichi Jumatatu, viazi kwa maharagwe Jumanne, na Karimi alizoea kusema kwamba siku akiolewa ataomba mahari ya mchele. Shuleni hali ilikuwa hiyo hiyo ya mbao. Darasa langu na darasa la nne la Mwalimu Nkonge yalikuwa chumba kimoja kirefu kilichogawanywa kwa mbao, na kila alilosema upande wake lilifika kwangu. Kwa hiyo nilimjua Nkonge kwa masikio kabla ya kumjua kwa macho. Sauti yake ilikuwa pana, ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Aliuliza swali, jibu likaja, akauliza lingine, likaja, mbio mbio, kama watu wanaorushiana matofali kwenye jengo. Watoto wangu walinyamaza wakimsikiliza yeye. Wazazi walimsifu, wakaguzi walimsifu, na mimi nilijikunja upande wangu wa mbao nikijua kwamba huko ndiko somo linakofundishwa kweli.

Mambo yalianza siku mwalimu mkuu wetu, Madam Gacheri, aliporudi kutoka mkutano wa walimu wakuu mjini Meru. Alitukuta chumba cha walimu saa ya chakula, kila mtu na bakuli lake la githeri, mahindi na maharagwe. Akatuambia wamefundishwa jambo jipya: mwalimu ajirekodi kwa simu akifundisha, kisha akae ajitazame mwenyewe. Hakuna mkaguzi atakayeiona. Ukitaka, utamwonyesha mwenzako mmoja unayemwamini. Usipotaka, utaifuta.

Wote wakasema pamoja. "Madam, hiyo simu itafika ofisi ya elimu kesho yake," alisema mwalimu wa darasa la saba. Mwingine akasema kwamba mtu hujitazama kwenye kioo ili achane nywele, si ili ajihukumu. Karimi akanikanyaga mguu chini ya meza ili nisicheke. Madam Gacheri alikuwa mwanamke mpole, na nilimwona anaanza kurudi nyuma. Ndipo Nkonge akaweka kijiko chini. Alikuwa anastaafu mwisho wa mwaka ule na hakuna aliyetarajia aseme chochote.

"Nirekodini mimi," alisema. "Hawa vijana wapate kuona somo linavyofundishwa."

Aliisema bila matani. Hakuwa mtu wa kujificha. Alijua yeye ni mwalimu mzuri na sisi pia tulijua. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na simu yenye kamera nzuri kidogo, kesho yake nilivuka nikaiweka kwenye dirisha la darasa lake, nikaiegemeza kwa jiwe, nikaibonyeza na kurudi kwa watoto wangu. Chini tu ya dirisha hilo alikaa Kendi. Yafaa nimweleze mtoto huyu, maana bila yeye hadithi haipo. Alikuwa msichana mwembamba, sweta yake ya kijani imetoboka viwiko, na shule nzima ilijua kwamba hajui kitu. Ukimuuliza alikutazama tu. Nkonge, ambaye hakupenda kudanganya wazazi, alikuwa amemwita baba yake na kumwambia wazi kwamba mtoto hasomi wala hatasoma. Baba akapanga kumtoa shuleni muhula ukiisha, aende Muthara kwa shangazi yake akamsaidie kwenye hoteli yake ya chai. Jambo lilikuwa limekwisha, hata hakuna aliyelizungumzia tena.

Tulitazama lile somo chumba cha walimu, simu imesimamishwa kwenye kopo la sukari, watu wameizunguka. Lilikuwa somo la kupendeza. Nkonge alisimama wima mbele ya ubao, akauliza, mikono ikapaa, akachagua, akajibiwa, akasonga. Walimu walikuwa wakicheka kwa furaha, wakisema, "Mwone mzee, ni kama anaendesha trekta!" Yeye mwenyewe alikuwa akitabasamu. Kisha tabasamu likamtoka usoni. "Rudisha kidogo," akaniambia. Nikarudisha. "Rudisha tena." Watu wakaanza kurudi kwenye githeri yao. Nkonge aliichukua ile simu, akaiweka sikioni kama mtu aliyepigiwa, akainuka na kutoka nje nayo. Kupitia dirishani nilimwona amesimama karibu na tangi la maji, kichwa kimeinama, akisikiliza. Chakula chake kilipoa mezani.

Kengele ilipolia hakurudi, nami nikamfuata kwa sababu simu ilikuwa yangu. Alininyooshea bila kunitazama. "Madam Wanja, weka sikioni. Usiangalie picha. Sikiliza tu."

Nikasikiliza. Mbali, kama mtu aliye ng'ambo ya uwanja, ilikuja sauti yake akiuliza saba mara nane. Mtoto mmoja akajibu kwa kelele, hamsini na sita, na Nkonge akasonga mbele, akauliza tisa mara sita. Na hapo, karibu kabisa, ndani ya sikio langu hasa, nikasikia mnong'ono: "Hamsini na sita." Ulikuwa mnong'ono wa msichana. Mbali, mtoto mwingine akajibu hamsini na nne, Nkonge akasonga. Na karibu, tena, ule mnong'ono: "Hamsini na nne." Ilikuwa hivyo hadi mwisho. Alijibu kila swali, tena sawasawa, hata yale ambayo wenzake waliyakosa. Lakini kila mara alifika baada ya mlango kufungwa. Simu ilikuwa juu ya kichwa chake dirishani, ikasikia kile ambacho mwalimu aliye ubaoni hakuweza kusikia. Nilihisi kama mtu aliyegundua kwamba kwenye chumba anamolala kila siku kuna mtu mwingine anayepumua.

"Ni Kendi," nilisema.

"Ni Kendi," Nkonge akajibu. Kisha akauliza, "Mimi nilimwambia baba yake nini?"

Nilitarajia akasirike, au aniambie nifute. Watu wa umri wake na sifa zake wana njia nyingi za kutoka mahali kama pale. Angeweza kusema mtoto ananakili wenzake, angeweza kusema simu ina kasoro. Alisimama tu akitazama mlima, ambao siku hiyo ulikuwa umejitokeza mweupe kileleni, kisha akaniuliza swali ambalo sijawahi kumsikia mwalimu mzee akimwuliza mwalimu mchanga: "Sasa nifanye nini?"

Nilimwambia nilichokijua, nacho kilikuwa kidogo. Nilisema labda Kendi hulibeba swali kutoka Kiingereza cha darasani hadi Kimeru, akalifikiria huko, kisha akarudi nalo, na safari hiyo inamchukua pumzi kadhaa. Labda akingojewa atafika. Nkonge aliona ni jambo rahisi. Atauliza, kisha atanyamaza. Kesho yake alilijaribu, na upande wangu wa mbao nikasikia vita ambavyo sikuvitarajia. Aliuliza swali, nikasikia kimya kifupi sana, kama cha mtu anayemeza mate, kisha sauti yake ile ile ikajijibu yenyewe, na baada yake, "Aaa! Nkonge!" Watoto wake wakaangua kicheko. Akauliza tena. Akajijibu tena. Juma zima ilikuwa hivyo. Aliniomba nimrekodi kila siku, na kila jioni kabla ya kwenda kukamua ng'ombe alikaa kwenye benchi nje ya darasa, miwani puani, akijitazama. "Ona huyu mtu," alikuwa akisema, akigusa kioo kwa kidole. "Mdomo wake hauna breki." Hakuwa akijichukia. Alijitazama vile fundi anavyotazama mashine iliyokataa kuwaka, kwa hamu ya kujua. Mimi nilikaa pembeni yake nimeshika daftari za watoto wangu ambazo sikuwa nikizisahihisha, nikimtazama mtu aliyefundisha kabla mimi sijazaliwa akijifunza kunyamaza.

Dawa aliipata mwenyewe. Niliwahi kuja na chupa ya maji ya moto kutoka nyumbani kwa sababu ya kifua, naye akaniomba kikombe. Aliingia nacho darasani. Kila alipouliza swali alikunywa funda moja, polepole, kwa kuwa maji yalikuwa ya moto na hayakunyweka haraka, na mdomo wenye maji hauwezi kujibu. Watoto walidhani mwalimu ni mgonjwa. Mimi nilisikia, kupitia mbao, kitu ambacho hakikuwahi kusikika katika shule ile: darasa la Nkonge likiwa kimya. Hakikuwa kimya cha kuogopa. Kulikuwa na watoto wengi mle ndani wakifikiri kwa wakati mmoja, na ninaapa niliwasikia. Watoto wangu wa darasa la tatu wakaacha kuandika, wakageuza shingo wakatazama mbao. Hakuna aliyewaambia wageuke.

Ilitokea asubuhi moja ya baridi kali, wakati wa somo la sehemu katika hesabu. Nkonge aliuliza ipi kubwa, theluthi au robo. Nikasikia mikono ikipiga madawati na watoto wakisema robo, robo, kwa sababu nne inaizidi tatu. Hakusema ndiyo wala siyo. Nikasikia kikombe kikiguswa. Kimya kikaja, kikakaa, kikapita mahali ambapo mimi ningekivunja. Kisha sauti ndogo, iliyokauka kwa kutotumika, ikasema kwa Kimeru ambacho wakati huo nilikuwa nimeanza kukielewa, "Ni theluthi. Wanaokula kwa sahani moja wakiwa wachache, kila mtu anapata kikubwa."

Niliacha chaki ikaanguka. Kisha nikasikia sauti ya Nkonge, na haikuwa ile ya kuita ng'ombe. "Rudia, mwari, binti yangu," alimwambia. "Rudia, wenzako wasikie." Kendi akarudia, mara hii kwa nguvu kidogo. Baadaye kwenye simu niliona kilichotokea: watoto wote wamegeuka nyuma, midomo wazi, wakimtazama mwenzao kana kwamba ameingia shuleni siku ile, na Nkonge ameshika kikombe kwa mikono miwili kifuani, vile watu wanavyoshika kofia kanisani.

Jumamosi alinipitia nyumbani tukaenda pamoja kwa baba yake Kendi. Tulimkuta shambani na mkewe wanachimba viazi, gambuti zao za mpira zimejaa udongo mweusi. Aliposikia Nkonge akisalimu, "Muga," alinyooka, na niliona uso wake ukifunga. Mzazi mwenye mtoto asiyeweza hupenda walimu wabaki shuleni.

"Mwalimu, kama ni vitabu vya shule nitavirudisha," alisema. "Shangazi yake anamngoja shule ikifungwa tu."

"Sikuja kwa vitabu, Baba Kendi," Nkonge akajibu. "Nilikuambia mtoto wako hawezi kusoma. Nilikosea. Nimekuja kukuonyesha."

Jua lilikuwa kali kwenye kioo, kwa hiyo mama alichukua gunia tupu akatufunika vichwa sote wanne, na ndani ya giza lile linalonuka udongo tukainamia simu. Baba alimwona bintiye. Alimsikia akisema yale maneno ya sahani. Akaniashiria kwa kidole nirudishe, nikarudisha. Mama alikuwa ameanza kulia kimya kimya, machozi yakichora mistari kwenye vumbi la mashavu. Mara ya tatu baba alitoa kichwa chake nje ya gunia akatazama upande wa nyumba, ambako Kendi alikuwa akianika vyombo bila kujua tunafanya nini.

"Nyumbani pia hujibu baadaye," alisema. "Unamtuma kitu asubuhi, anakuuliza swali lake saa sita. Mimi nilifikiri ni ujinga." Akafuta mikono kwenye suruali. "Kumbe anafikiria." Kisha akamwambia mkewe atume ujumbe Muthara kwamba shangazi atafute mtu mwingine. Tukapewa ndoo ya viazi tukaibeba kwa zamu hadi barabarani, na Nkonge, mzee mwenye heshima zake, aliimba njia nzima.

Kendi alikuwepo mazishini. Leo anauza dawa za mifugo na mbegu huko Makutano, na wakulima hupita maduka mengine wakamfuata kwa sababu anamsikiliza mtu kabla ya kumshauri. Nilimsalimu akanitazama kwanza, akafikiri, ndipo akacheka na kunikumbatia. Alisema tu, "Alikuwa mwalimu wangu," na mimi nikaona inatosha.

Baada ya Jumamosi ile ya viazi shule ilibadilika bila kutangaza. Mwalimu wa darasa la saba, yule aliyehofia ofisi ya elimu, alikuja kwangu akijifanya anataka kupiga simu, kumbe anataka kamera. Karimi alijirekodi akiimba na watoto wa nasari, akagundua kwamba anawaimbia wa mbele na kuwapa mgongo wanaolia. Mimi nilijirekodi pia. Nilitazama peke yangu kitandani, blanketi begani, na nilichokiona kilinishangaza kwa namna nyingine. Nilizoea kujiona mtu mdogo anayejikunja. Kwenye kioo kile niliona mwanamke anayetembea kati ya madawati akiinama kwa kila mtoto, na watoto wakiinua nyuso kama maua ya alizeti yanavyofuata jua. Nikaona pia kwamba ninapopita, kabla hawajanijibu, nishakwenda kwa mwingine. Vyote viwili vilikuwa mimi. Tangu mwaka ule hadi leo, kila muhula hujirekodi angalau mara moja, na moyo bado hunidunda kabla ya kubonyeza.

Mwaka ukaisha. Madam Gacheri aliandaa sherehe ya kumuaga Nkonge siku ya kufunga: mbuzi, soda, blanketi la zawadi. Siku mbili kabla, Nkonge alikuja upande wangu akaniomba nimrekodi tena. Nilidhani anataka ukumbusho wa kuwaonyesha wajukuu. Jioni tulikaa kwenye benchi lile lile, nikamtazama akitazama. Lilikuwa somo ambalo mpaka leo sijui nilifananishe na nini. Aliuliza machache, alingoja, alisikiliza kwa kichwa kilichoinama kidogo, na watoto walijibizana wao kwa wao huku yeye amesimama kando kama mgeni aliyefurahi. Nilimgeukia nimpongeze. Alikuwa amekunja uso, kidole kwenye kioo.

"Unaona hapa mlangoni?" alisema. "Hawa wawili wa karibu na mlango. Sijawatazama hata mara moja. Somo zima."

"Lakini Mwalimu," nilisema, "kesho ndiyo siku yako ya mwisho kufundisha."

Alinitazama kana kwamba sikuelewa swali. "Ndiyo," alisema. "Kwa hiyo kesho nitasimama mlangoni."

Na kesho yake, wakati shule nzima ilikuwa ikifua mapazia na kufagia uwanja kwa ajili ya sherehe, nilisikia kupitia mbao hatua zake zikivuka darasa, kutoka ubaoni, katikati ya madawati, hadi kule mlangoni. Akauliza swali lake. Kisha akanyamaza, akawangoja wale wawili.